Kulinganisha mafuta ya kubebea dawa ya mbao: dizeli, biodizeli (dizeli ya mafuta ya mimea au wanyama) na mafuta ya mbegu za kitani

Dawa inayoyeyuka kwenye mafuta, kama naftheneti ya shaba (dawa ya kuzuia kuoza, yenye madini ya shaba), husifiwa hata kwa kazi iliyofanywa na mafuta yenyewe. Dizeli nzito huchelewesha maji kuingia, na mbao kavu haiozi. Kwa hiyo kila aina ya mafuta ipewe makundi mawili: yenye dawa na matupu.

Kata vipande vya msonobari, milimita 20 kila upande, vyote kutoka ubao mmoja, sehemu ya nje yenye rangi hafifu. Kiini kina kinga yake ya asili, kitakudanganya. Vipande 12 kwa kila kundi, na 12 visivyotiwa kitu. Vikaushe, uvipime kwa mizani ya gramu 0.01, uvitie mafuta, uvifute, kisha uvipime tena.

Hapo kwenye upimaji wa pili ndipo watu huteleza. Kipande kina sentimita za ujazo 8. Kikinywa gramu 4 za mchanganyiko wenye shaba asilimia 0.2, kimebeba gramu 0.008, yaani kilo 1 kwa mita ya ujazo. Mafuta mazito yakiingia gramu 3 tu, shaba imeshuka hadi kilo 0.75. Kikioza, usiyahukumu mafuta bado: pandisha shaba hadi asilimia 0.27, urudie na vipande vipya.

Vianike wiki 3. Vya kitani visubiri hadi visinate. (Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazwe nje, yakirundikwa hupata moto yenyewe na kuwaka.) Pima mara ya tatu.

Zika 6 vya kila kundi kwenye udongo wenye rutuba, wenye unyevu usiotuamisha maji, joto la nyuzi 25 hadi 28, kwa wiki 16. Sita vilivyobaki vizikwe kwenye mchanga uliochemshwa, ndani ya chupa safi zenye vifuniko. Mafuta hugeuka mvuke na kuvuja, hivyo uzito hupungua bila kuoza; upungufu wa mchangani uutoe kwenye ule wa udongoni.

Mwishoni safisha, kausha kwa namna ileile, pima, kisha bonyeza kwa ncha ya kisu. Biodizeli ikaguliwe kwa ukali zaidi: baadhi ya vijidudu huila, na dawa iliyokuwa salama ndani ya dizeli yaweza kupungua nguvu humo. Kama vipande visivyotiwa kitu bado ni vigumu, usiandike matokeo. Rudisha vyote udongoni.