Kabla Hujarudi Chuo Ukilea Watoto kwa Hela za Inua Jamii

Kama unawaza kurudi darasani na nyumbani kuna watoto wanaokutegemea, soma haya kabla hujachukua fomu. Mimi nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu pamoja na mmoja wangu, hapa Nyalenda, Kisumu, na tunategemea Inua Jamii, hela ya msaada ambayo serikali hutuma kwa nyumba zinazolea mayatima. Nilirudi chuo kusomea upishi nikiwa na miaka 34, na kuna kitu kimoja ambacho laiti mtu angeniambia mapema.

Madogo kwanza. Kitambulisho, matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya vifo vya wazazi wao, toa nakala tano tano sasa hivi. Fomu ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, itazitaka, ya kaunti itazitaka, na zote zitataka mhuri wa chifu. Jua kozi unayofuzu: D ya KCSE inakuingiza kozi ya cheti, diploma inataka C-, na artisani, ile kozi ya ufundi ya ngazi ya chini, haichagui alama. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na uwasajili watoto. Sisi tusio na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kuanzia 3,600, kwa hivyo usingoje mtoto alazwe ndipo uanze kutafuta. HELB, hela ya serikali ya wanafunzi, ni mkopo, utaulipa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Usiuite msaada.

Sasa hela yenyewe. Inua Jamii ya mayatima ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba, uwe unalea yatima mmoja au watano. Wakati mwingine hutumwa ya miezi miwili kwa mpigo, 4,000, na mara nyingi inachelewa. Zipangie kazi hela hizo, usizipangie tarehe. Angalia pia umri wa watoto, maana hela hizi zinamfuata mtoto aliye chini ya miaka 18. Kama mdogo wao ana 17 na kozi yako ni ya miaka miwili, piga hesabu ya mwaka wa pili bila hizo hela.

Na angalia kalenda. Chuo hufungua mwezi wa kwanza, wa tano na wa tisa, na shule za watoto hufungua wakati huo huo. Karo yako na michango yao vinabisha hodi wiki moja. Mwezi wa tano ndio mbaya zaidi huku kwetu, kwa sababu mahindi ya mwaka uliopita yameisha na mapya bado yako shambani hadi mwezi wa saba, wa nane. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, inapanda bei kila ukienda sokoni. Ukiwa na hiari, anza mwezi wa tisa, wakati mahindi yameshuka na unaweza kuweka gunia ndani. Mimi nilianza wa tano.

Hapo ndipo nilipoanza kukopa kwa simu. Si mkopo mkubwa wa kukaa chini ukaufikiria. Ni ule unaokumalizia malipo salio likiwa halitoshi, halafu hela yoyote ikiingia kwenye laini unajikata wenyewe. Inua Jamii ilikuwa imechelewa, miezi miwili ikapita na mwingine ukaingia bila ujumbe. Leo nalipa tokeni za stima, simu inanijazia 100. Kesho unga, 180. Kesho kutwa nauli ya matatu na sukari. Sikuona kama ni deni kwa sababu kila mara kilikuwa kitu kidogo na watoto walikuwa wamekula. Nilipokuja kuangalia, ilikuwa imefika 2,870.

Wakati huo huo chuo kilikuwa kinasajili watu wa mtihani wa Julai. Nilikuwa nimelipa sehemu, zikabaki 4,000. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nikampigia kaka yangu aliye Nakuru, na yeye hana kitu, lakini akaniambia, "Dada, ngoja niongee na bosi wangu." Saa kumi kasoro dakika chache nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya fedha, watu sita mbele yangu, simu mkononi. Ikalia. Nimepokea 4,000. Kabla sijashusha pumzi ikalia tena. Nimekatwa 2,870. Salio, 1,130.

Nilisoma ule ujumbe wa pili labda mara kumi. Nilitoka kwenye foleni nikapiga simu kila mahali, kwa mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba, kwa mama wa kanisani, hata kwa mwenye nyumba. Niliporudi dirishani na 2,500, karani akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mama, mfumo unajifunga saa kumi na moja. Si mimi." Wenzangu walifanya mtihani Julai. Mimi nilingoja Novemba. Lakini kilichoniuma hadi leo ni kwamba kaka yangu alikopa mshahara wake ili nisome, na hela yake ikaenda kulipa sukari niliyokula mwezi uliopita.

Kwa hivyo fanya hivi, na ufanye kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Anayetaka kukusaidia mpe nambari ya malipo ya chuo na nambari yako ya usajili, alipe huko moja kwa moja, risiti akutumie. Hela ya chuo isipitie kwenye laini yenye deni hata kwa dakika moja. Ule mkopo wa simu ulipe wote, kisha ujiondoe. Ukilazimika kukopa chakula, kopa dukani, tena mkubaliane mapema daftari lisipite kiasi gani. Mwenye duka utamweleza Inua Jamii imechelewa naye atakuelewa. Simu haiulizi.

Hela ya mtihani ianze kuwekwa wiki ya kwanza, si wiki tangazo linapobandikwa. Hamsini kwa siku kwa siku 130 ni 6,500. Mpe mweka hazina wa chama aitunze, mtu asiyekuonea haya kukukatalia ukiifuata kabla ya wakati.

Chakula utakijua mwenyewe. Mimi huchemsha nyoyo, mahindi na maharagwe, usiku kwa jiko la makaa, inatuvusha siku mbili, na omena, dagaa wa ziwani, nanunua soko la Kibuye Jumapili.

Uliza chuo gharama ambazo hazimo kwenye karo. Kwetu ilikuwa koti jeupe, viatu vya kufunika vidole, na mchango wa vyakula vya vitendo karibu kila wiki. Uliza pia atachimenti, yale mazoezi ya kazini, ni miezi mingapi. Yangu ilikuwa mitatu, kazi ya kutwa bila malipo, nauli juu yangu, na kibarua changu cha kufua nguo za watu nikakiacha. Na ukubaliane na jirani mapema nani atakwenda shuleni mtoto akiugua wewe ukiwa kwenye mtihani.

PIN usimpe mtu, hata yule kijana anayejitolea kukusaidia kutoa hela. Na akija mtu mlangoni kusema atakuingiza kwenye orodha ya Inua Jamii ukimpa ya chai, usimpe hata shilingi. Kusajiliwa hakulipiwi. Nenda kwa chifu mwenyewe, uende asubuhi, na ubebe zile nakala.