Kutuliza ubabe wa mbuna kwenye akwariamu ya nyumbani

Ukiweka mbuna dume mmoja na jike mmoja kwenye tangi, usitegemee ndoa. Baada ya siku chache jike atakuwa amejibanza kona ya juu nyuma ya filta, mapezi yamechanika, na dume anamvizia atoke. Samaki hawa wa rangi wa miamba ya Ziwa Nyasa hawaishi wawili wawili kama wale samaki wa anemoni wa baharini. Dume hushika pango lake, humchezea kila jike anayepita, hurutubisha mayai na kazi yake imeishia hapo. Jike ndiye anayeyabeba mdomoni kwa takriban wiki tatu. Ziwani, anayefukuzwa huogelea mita chache tu akaachwa. Ndani ya kioo hana pa kwenda, na kila anapoonekana fujo inaanza upya.

Ubabe wenyewe hauondoki. Kinachowezekana ni kuusambaza kwa samaki wengi, asiwepo mmoja wa kuubeba wote. Kwa kila aina weka dume mmoja na majike wanne hivi, wasipungue watatu. Tangi liwe na urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, yaani kama lita 240. Likijaa maji na mawe huzidi kilo 300, kwa hiyo meza ya sebuleni haifai. Mwagize fundi wa kuchomelea stendi ya chuma. Fundi wa vioo akikutengenezea, tumia kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki.

Chagua aina kabla ya kuchagua rangi. Labidochromis caeruleus wa njano, ambaye asili yake ni upande wa Malawi, ni mpole kwa kipimo cha mbuna na anafaa kwa anayeanza. Melanochromis auratus na Metriaclima lombardoi waache: wanauzwa wakiwa wadogo na warembo, wakikomaa wanatawala tangi zima. Usichanganye pia aina mbili zinazofanana, mfano wa bluu wenye mistari meusi na wa bluu mwingine wenye mistari meusi. Dume humtambua mpinzani kwa rangi, na majina yetu ya kisayansi hayajui. Nunua wadogo wa sentimita 3 hadi 5, wanane au kumi kwa kila aina, waingie wote siku moja. Wakikua na madume kuanza kujulikana, toa madume ya ziada. Omba samaki waliozalishwa kwenye matangi, na ukitaka kuvua ziwani kwa biashara pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya, maana kibali kinahitajika.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapotofautiana na Dar es Salaam. Dawa ya ubabe ni kujaza tangi, lakini tangi lililojaa linahitaji oksijeni, na huku juu oksijeni ni haba. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa pwani hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Mbeya ni kama 6.7, na Njombe ni pungufu zaidi. Ushauri wa samaki 25 au 30 kwenye lita 240 ni wa watu wa pwani. Mbeya na Iringa anza na 15 hadi 18 waliokua, na filta izungushe maji yote mara 6 hadi 8 kwa saa huku mdomo wake ukivuruga uso wa maji. Ongeza pampu ya hewa yenye mawe mawili ya povu, na uwe na pampu nyingine ya betri. Umeme ukikatika usiku, tangi lililojazwa ndilo la kwanza kukosa pumzi. Pampu hiyo iwe karibu, isiwe stoo.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina sehemu yake. Weka hita mbili za wati 150 badala ya moja ya wati 300: moja ikigoma, nyingine inashikilia, moja ikikwama kwenye kuwaka, haitachemsha tangi. Lenga nyuzi 24 hadi 25. Wengi hupandisha hadi 28 wakidhani wanawafurahisha samaki, kumbe joto hilo huwafanya wakali zaidi na maji yanabeba oksijeni kidogo.

Mbuna wanataka pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ikiwa katikati) ya 7.8 hadi 8.5, na maji ya vijito vya milimani mara nyingi ni laini mno, yaani yana madini machache. Pima kwanza. Mawe ya chokaa, kama yale ya upande wa Songwe, husaidia. Dondoshea siki, likitoa povu lina chokaa. Kwa kurekebisha haraka tumia soda ya kuokea: gramu 3 kwa lita 100 hupandisha ugumu wa kaboneti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kwa digrii 1. Pandisha digrii mbili kwa siku, usizidi hapo. Magadi ya sokoni usiyatumie, yanarusha pH kwa kishindo.

Sasa mawe. Yapangwe kabla ya mchanga, juu ya shiti nyembamba ya plastiki, ili samaki wakichimba mchanga yasiporomoke na kupasua kioo. Yafike theluthi mbili ya kimo cha tangi, yagawe tangi katika vyumba ambavyo samaki wa chumba kimoja hamwoni wa kingine. Hili la kukata macho lina nguvu kuliko idadi ya mapango. Kila pango liwe na matundu mawili, kwa maana pango la mlango mmoja ni mtego: mbabe akisimama mlangoni, aliye ndani amekwisha. Mawe meusi ya volkano kutoka Rungwe yanafaa na hayabadilishi maji, ila chagua yaliyolainishwa na mto, kwani samaki anayekimbia hujichubua kwenye kingo kali. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema, hasa vilivyovunjika, ni mapango mazuri ajabu. Toboa upande wa pili na usugue kingo.

Si kila kufukuzana ni hatari. Dume anayemfukuza mwenzake hadi mpaka wa eneo lake kisha akarudi anafanya kazi yake ya kawaida, na hata kuumana midomo kwa sekunde chache ni kupimana nguvu. Hatari ni pale anapomfuata mmoja yule yule hadi kona ya mwisho. Huyo anayeonewa utamjua: hali chakula, rangi imefifia, amening'inia juu karibu na uso wa maji.

Usikimbilie kumtoa anayeonewa. Ukimtoa, mbabe atachagua mwingine kesho yake. Mtoe mbabe. Muweke kwenye tangi dogo au ndoo kubwa yenye hita na hewa kwa siku 5 hadi 7, na wakati huo huo pangua mawe yote na kuyapanga upya. Mrudishe usiku taa zikiwa zimezimwa. Anakuta eneo lake halipo na wenzake wamekwisha jigawia mapango. Akirudia ukorofi mara ya pili, mpe mtu mwenye tangi lingine. Usimtupe mtoni wala bwawani, na usimrudishe ziwani Kyela kama hujui alikotoka: aina zisizo za pale huzaana na za pale. Aliyejeruhiwa akizidiwa ndipo naye anatengwa, kwenye maji safi yenye chumvi gramu 1 kwa lita, hadi mapezi yaanze kuota.

Jike mwenye mayai utamtambua kwa koo lililovimba na kukataa chakula. Mwache na wenzake hadi siku ya 14 au zaidi kidogo, kisha mhamishe kwenye tangi la lita 40 hadi 60. Mapema mno anaweza kuyatema au kuyameza. Akishatoa vifaranga, mlishe wiki nzima kabla ya kumrudisha. Amekonda, na akirejea wanampokea kama mgeni, kwa hiyo mrudishe naye taa zikiwa zimezimwa, baada ya kusogeza mawe machache.

Chakula kiwe kidogo mara mbili kwa siku, cha mwani au mboga: mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, tango, njegere zilizomenywa. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha matumbo na kuwaua. Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, mapya yakiwa yametolewa klorini na yana joto sawa na ya tangi. Ukiruka wiki mbili kwenye tangi lililojaa hivi, pima naitreti, uchafu wa samaki unaojilimbikiza majini, kabla ya kulaumu dume yeyote: maji machafu huwadhoofisha wanyonge kwanza, na mnyonge ndiye anayefukuzwa.