Somo: Kuifanya OSPF ipite kwenye faiba, redio ibaki akiba

OSPF ni itifaki, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kuchagua njia ya kupitisha data. Ofisi iko Chumbageni, ghala liko Pongwe. Kati yake kuna njia mbili: faiba ya gigabiti 1, na redio ya juu ya paa yenye mlango wa megabiti 100 ila inapitisha kama 30 tu. Simu za video zilikuwa zinakatika kutwa nzima. Nilipofungua ruta ya Chumbageni nikakuta hivi kuhusu mtandao wa ghala:

O 10.20.5.0/24 [110/2] via 10.0.1.2
[110/2] via 10.0.2.2

Namba ya pili, ile 2, ndiyo gharama ya njia, yaani mlango wa faiba au redio pamoja na mlango wa ndani wa ghala, na zote mbili zimelingana. OSPF huchukua kasi ya rejea na kuigawa kwa kasi ya mlango. Kwenye Cisco rejea ya kawaida ni megabiti 100, kwa hiyo redio inapata 1. Faiba ingepata 0.1, lakini gharama haishuki chini ya 1. Basi ruta inaziona pacha na kuzigawia mzigo.

Ile 110 usiiguse. Ni kipimo cha kuaminika, kinacholinganisha itifaki moja na nyingine, hakichagui kati ya njia mbili za OSPF.

Kwanza nakili hali ilivyo: show ip ospf interface brief

Pili, pandisha rejea kwenye ruta ZOTE, usiache hata moja:

router ospf 1
auto-cost reference-bandwidth 10000

Sasa faiba ni 10, redio 100.

Tatu, iambie ruta ukweli kuhusu redio:

interface FastEthernet0/1
ip ospf cost 400

Hapa nilikosea mimi. Niliweka upande wa Chumbageni peke yake, nikafunga kompyuta. Gharama huhesabiwa kwenye mlango wa kutokea, kwa hiyo Pongwe bado ilikuwa na hesabu yake. Weka 400 ncha zote mbili.

Mwisho, watu wakishatoka kazini, zima mlango wa faiba. Njia ihamie redio ikionyesha [110/410], yaani 400 ya redio na 10 ya mlango wa ndani wa ghala. Ukiwasha, irudi [110/20].

MASWALI

Muheza: Fundi, natumia MikroTik, amri hizi zinakataa.
Jibu: MikroTik haikokotoi kutokana na kasi, ndugu yangu. Gharama unaiandika mwenyewe kwa kila intafesi (mlango), ndani ya mipangilio ya OSPF.

Korogwe: Shikamoo mwalimu. Majirani, yaani ruta zinazojuana kwa OSPF, hawatavunjika nikibadilisha?
Jibu: Marahaba. Hawavunjiki, gharama si lazima ilingane ndipo wajuane. Ruta zinakokotoa upya tu. Hata hivyo fanya jioni.

Pangani: Kaka, nimebadilisha gharama mara tatu, njia haisogei kabisa!
Jibu: Tazama kama kuna njia iliyoandikwa kwa mkono. Kwenye kile kipimo cha kuaminika hiyo ina 1, OSPF ina 110, na ndogo ndiyo inayoshinda. Ifute, au mwishoni mwa amri yake ya ip route ongeza 200 ikae nyuma ya OSPF.

Pangani: Ipo kweli, tangu fundi wa zamani. Nimeifuta, imehama. Ahsante sana kaka.