Kuchagua vichezeo vya mtoto asiyefika mwaka

Nalea watoto wachanga katika kituo kidogo hapa Busia, upande wa Uganda. Wazazi huniletea magari ya betri yanayowaka taa na kuimba. Mtoto wa miezi minne atalifanyia nini? Gari linacheza, yeye anatazama.

Hatua ya 1: Mtazame kwanza. Kabla ya kwenda sokoni, mlaze mkekani dakika kumi. Anafuata kitu kwa macho tu? Ananyoosha mkono? Anahamisha kitu mkono huu hadi ule? Hapo ndipo utakapochagulia, si kwenye umri ulioandikwa kwenye boksi.

Hatua ya 2: Pima. Chukua kiini cha tishu ya chooni, lile bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ikiisha. Kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo hakiingii mkekani. Kichezeo chenye betri bapa za duara, kama za saa, mimi sikipokei kabisa: akiimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Hatua ya 3: Mpe kinachomfaa sasa. Mchanga wa wiki chache huona vizuri kwa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wako unapomnyonyesha. Usinunue kitu, ongea naye.

Akianza kushika, mtengenezee kayamba. Osha chupa ndogo ya plastiki ya soda, iache ikauke kabisa, tia kijiko cha maharagwe, paka gundi kwenye mfuniko, kisha zungushia selotepu. Mwanzoni nilikuwa nakaza kwa mkono tu. Siku moja mfuniko ukafunguka, nikamkuta mtoto ana harage kwenye ulimi. Tangu hapo kila asubuhi naivuta mifuniko kwa nguvu zangu zote.

Akishaketi, jikoni kwako ni duka: sufuria, kikombe cha plastiki, mwiko. Mpira wa majani makavu ya mgomba nao ni mzuri, ila nyuzi zake hukatika mdomoni, basi uvishe soksi na uishone.

Karibu na miezi minane, funika kikombe kwa leso. Juzi mmoja alikodoa macho, akaivuta leso kwa meno, kisha akagonga kikombe sakafuni mara tatu akinitazama. Nikakifunika tena. Tulirudia mpaka uji ukapoa.

Hatua ya 4: Punguza. Weka vitatu tu mkekani, vingine ficha. Jioni osha kwa sabuni, anika. Baada ya siku kadhaa badilisha. Vile vya zamani atavipokea kama vipya.