Jinsi ya Kuomba Maoni ya Kijiji Yaingie Katika Mpango wa Usimamizi wa Magofu ya Kilwa

Mpango wa usimamizi ndio hati inayoamua ukuta upi ukarabatiwe kwanza, mgeni apite njia ipi, mbuzi walishwe wapi na vijana wa kijiji wapate kazi gani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na UNESCO inataka kila eneo la namna hiyo liwe na mpango au mfumo wa usimamizi. Mwaka 2007 Kamati ya Urithi wa Dunia iliongeza jamii za wenyeji kwenye malengo yake makuu. Kwa hiyo mwenyeji anayetaka kusikilizwa haombi hisani.

Kabla ya kuandika chochote, tembeeni. Mchukueni mzee anayejua majina ya kila sehemu na kijana mwenye simu ya kupiga picha. Anzieni Gereza, ile ngome ya ufukweni iliyojengwa na Wareno mwaka 1505, kisha Waomani wakaijenga upya. Pigeni picha maji ya bamvua yakiwa yamejaa, halafu rudini yakiwa yamekupwa mpige tena mkiwa mmesimama palepale. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja, mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kupanda mashua ataona mwenyewe bahari imefika wapi na mawe gani yamelala mchangani. Endeleeni hadi Msikiti Mkuu, jumba la Makutani na kasri la Husuni Kubwa, na kila mahali mwandike mnachokiona siku hiyo, si mlichokisikia.

Sasa andikeni ombi lenye pa kushika. "Tunaomba magofu yatunzwe" halimlazimishi mtu kufanya lolote. "Tunaomba mikoko ipandwe ufukweni karibu na Gereza, na kikundi cha vijana wa kijiji kilipwe kuitunza" linajibika kwa ndiyo au hapana. Kama kuna makaburi mnayozuru ndani ya eneo, tajeni makaburi yapi na mnazuru lini, ili njia ya wageni isije ikapita juu yake. Kina mama wanaopita humo kwenda kisimani au shambani nao waonyeshe njia yao. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye vikao wanaume ndio huongea, na njia ya kisimani husahaulika.

Msiombe kisichowezekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kale vya kabla ya mwaka 1863. Hamtaruhusiwa kuchukua mawe ya magofu, wala kuchimba shimo ndani ya eneo bila kibali. Kama choo au kisima kinahitajika, ombeni mtengewe mahali pengine.

Pelekeni hoja kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ziingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana sauti. Hakikisheni muhtasari umeandika hoja yenyewe kwa maneno yenu, si "wananchi walitoa maoni" tu, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe.

Barua ielekezwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), inayosimamia magofu, na nakala iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya na kwa diwani. Ipitie kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Kichwa kinaweza kuwa hivi:

YAH: OMBI LA KUINGIZA MAONI YA KIJIJI KATIKA MPANGO WA USIMAMIZI WA MAGOFU

Ukurasa mmoja unatosha. Ambatanisheni muhtasari, mahudhurio na picha zilizoandikwa tarehe nyuma.

Chapeni nakala ya ziada, na siku ya kuwasilisha igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo. Mimi niliwahi kupeleka barua ya kijiji kwenye ofisi moja nikaiacha mezani kwa uaminifu. Miezi ikapita, na nilipoulizia haikuonekana, nami sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Wazee walioitia sahihi walinitazama tu bila kusema neno. Siku hiyo bado inaniuma.

Rasimu ya mpango ikiletwa kwa wadau, ombeni isomwe kwa Kiswahili, nanyi mfuatilie mkiwa na muhtasari wenu mkononi, kipengele kwa kipengele. Kama hoja yenu haimo, simameni palepale kikaoni muulize sababu, mkitaja tarehe iliyo kwenye muhuri wa barua yenu, na muombe jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao hicho.