Kabla hujaifungia shotigani ya mitutu miwili msimu wa masika

Shotigani ya mitutu miwili yenye nyundo za ndani ina tabia moja inayowapita wengi: ukiikunja tu kuifungua, umeshaikoki, yaani umeiweka tayari kupiga. Vyuma viwili vidogo vilivyo mbele ya mtambo hurudisha nyuma nyundo za ndani, springi zinabanwa, na ukiifunga zinabaki zimebanwa vilevile hata kama mitutu ni mitupu. Mtambo wa namna hiyo ulitoka Birmingham, Uingereza, mwaka 1875, kwa mikono ya William Anson na John Deeley, na shotigani nyingi sana zilizokuja baadaye zimeufuata. Basi mtu wa Tanga anayeifuta bunduki yake mwezi wa tatu, akaifungia kabatini mpaka mvua zikatike, ameiacha imekokiwa masika nzima na hana habari.

Je, ni kosa kubwa? Inategemea springi. Zile za kujiviringisha, zilizo kwenye bunduki nyingi za siku hizi, huvumilia. Za zamani ni bapa, zimekunjwa kama herufi V, na hizo ndizo hukatika ghafla. Lakini springi nzuri haichoshwi sana na kukaa imebanwa. Huchoshwa na kubanwa na kuachiwa mara elfu, na humalizwa na kutu. Kishimo cha kutu kidogo kuliko kichwa cha sindano ndipo ufa unapoanzia. Na sisi huku tunalala na upepo wa bahari dirishani, chumvi inafika mpaka kwenye bawaba za kabati la vyombo. Ndiyo maana mimi nashughulika na kutu kwanza, springi mwisho.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na shamba upande wa Muheza, na shotigani yake ilikuwa ya kufukuzia nyani na nguruwe pori. Aliipenda, akaitunza kwenye ala ya ngozi, ndani ya seifu. Alipofariki tuliipeleka polisi, maana leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na minazi. Askari akaichomoa mezani. Ubavuni mwa mtutu wa kushoto kulikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Ulikuwa mshono wa ala. Ngozi ilikuwa imekunywa unyevu na kuunywesha mtutu pale ilipougusa.

Kwa hiyo ala ni ya safari tu. Nyumbani bunduki ikae wazi ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, nawe uvikague usiviache vikachoka. Futa jasho la vidole, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Ya cherehani yanatosha. Mafuta ya nazi waachie wapishi na wasusi: huanza kuganda joto likishuka kama nyuzi 24, na usiku wa kipupwe hapa hushuka zaidi ya hapo, mtambo ukabaki na utando kama mshumaa. Isimamishe midomo ya mitutu ikiangalia chini, mafuta yasiteremke yakalainisha mbao za kitako.

Risasi zikae kwingine, kwa ufunguo wake. Kama nyumbani kuna geji 12 na geji 20, yaani vipimo vya upana wa mtutu, usizichanganye hata kwa dakika moja. Ya geji 20 ni nyembamba zaidi, huteleza ndani ya mtutu wa 12 ikakwama mbele. Mtu akiangalia anaona mtutu mtupu, anatia ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka mkononi mwake.

Sasa springi, ambazo hulegezwa kwa kupiga triga. Nunua mapema risasi bandia mbili, zile zenye mpira au kispringi pale inapogonga pini, kile kijiti cha chuma kinachopiga risasi. Kupiga triga mitutu ikiwa mitupu kabisa kunaweza kukata pini. Wapo wanaotumia maganda yaliyokwishapigwa, nami siwaungi mkono: ganda lile limeshabonyea, halipokei pigo vizuri, tena likiwa ndani ya mtutu halitofautiani na risasi nzima.

Fanya kazi hiyo chumba kisicho na risasi wala watoto. Ikunje, tazama mitutu yote miwili kwenye mwanga, kisha tia kidole, kwani macho hudanganya jioni. Weka zile bandia, ifunge taratibu kwa mikono miwili, elekeza midomo kwenye ndoo iliyojaa mchanga, toa sefti, kile kizuizi cha triga. Triga ya mbele: tak. Ya nyuma: tak. Lazima usikie mara mbili. Ikiwa ni ya triga moja, huenda ya pili isilie, kwa sababu nyingine husubiri teke la risasi ndipo zihamie mtutu wa pili. Gonga kitako kwa kiganja au badili swichi ya kuchagua mtutu, ujaribu tena. Yenye nyundo za nje ni rahisi zaidi: baada ya kuhakikisha ni tupu, ishike nyundo kwa dole gumba, bonyeza triga, uishushe polepole.

Ukishamaliza, usiifungue tena. Hapo ndipo tunapokosea, mtu anataka kuhakikisha mara ya mwisho, anaikunja, na springi zimebanwa upya. Mimi hufunga kikaratasi kwenye kitako, nimeandika tarehe na neno "imelegezwa". Askari akija kukagua ataikunja, ni haki yake na ndivyo inavyotakiwa. Akiondoka, unarudia kazi. Na usiitegemee sefti kuwa kinga. Kwenye bunduki nyingi za aina hii huzuia triga tu, nyundo zenyewe haizigusi.

Kuivunja vipande ili iingie kabati fupi kunahitaji tahadhari. Ukiilegeza kisha ukaifungua kuitoa mitutu, umeikoki tena. Kuna bunduki zinazokubali kutolewa ubao wa mbele kwanza zikiwa zimefungwa, na kuna zinazogoma kabisa kurudishana, ukabaki unazisukumasukuma mpaka unakwaruza chuma. Muulize fundi anayeijua ya kwako. Mimi niliishia kununua kabati refu.

Na tarehe ya leseni iangalie kabla hujageuza ufunguo, isije ikaisha masika katikati huku karatasi yenyewe imo humo humo kabatini.