Kupakia asaiklovia kwenye chembe za silika: kazi iko kwenye kuosha

Mgonjwa wa mkanda wa jeshi humeza asaiklovia, dawa ya kuzuia virusi, mara 5 kwa siku, maana sehemu kubwa ya kidonge haifiki kwenye damu. Ndiyo sababu tunaipakia dawa hii kwenye chembe za silika, yaani madini ya mchanga, zenye vitundu. Mfikirie sifongo anayelimwa na kina mama wa Jambiani, Unguja. Ila hapa chembe nzima ni nanomita 100 hivi, na kitundu nanomita 2 au 3; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Haya ni ya maabara tu, si ya kumpa mtu.

Kwanza, kausha chembe kwa nyuzi 100 usiku kucha. Masika hapa Unguja hewa imejaa maji, na silika huyanywa kabla haijaonja dawa.

Pili, tia miligramu 100 za chembe katika mililita 10 za maji yenye asaiklovia, miligramu 1 kwa kila mililita. Usitie alkali ili dawa iyeyuke upesi; itayeyuka kweli, lakini na silika nayo italika. Funika, koroga saa 24.

Tatu, zungusha kwenye sentrifyuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi chembe zitue chini, na maji ya juu uyatunze. Kisha osha mara moja, kwa maji kidogo, upesi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usipoosha, dawa iliyoganda nje utaihesabu kuwa imo ndani. Ukikawia, unaitoa hata iliyoingia. Siku moja umeme ulinikatikia nikiosha, chembe zikakaa majini mchana kutwa. Nilipopima, dawa karibu yote ilikuwa imesharudi kwenye maji.

Nne, changanya maji ya juu na ya kuoshea, yachuje, yazimue, upime kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaonywewa na dawa, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 252. Usiruke kuchuja: chembe zilizobaki hutawanya mwanga, nawe utadhani ni dawa. Ulianza na miligramu 10. Ukizikuta 7 majini, 3 zimo ndani ya chembe.

Tano, jaribu chembe kwenye seli za Vero, seli za figo ya tumbili zinazokuzwa maabara. Seli huikunjia chembe utando wake na kuivuta ndani. Andaa visima, yaani vishimo vya sahani ya kukuzia seli: vya chembe tupu, vya dawa peke yake, na vya chembe zenye dawa. Vya chembe tupu visome mwanzo. Seli zikifa humo, usitie virusi bado. Punguza kiasi cha chembe, uanze upya.